Neno Lililosemwa Kitini

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, imepigwa chapa vizuri, na chini yake pameachwa nafasi ya sahihi mbili, ya mwanafunzi na ya mlezi. Mwalimu Mosinyi, mkuu wa shule, aliisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

"Soma."

Otsile alisoma. Mimi, Otsile Rabasha, kiranja wa bwalo, nakiri kwamba barua iliyookotwa bwenini niliiandika kwa mzaha wa kitoto. Kwamba hakuna neno hata moja ndani yake lenye ukweli. Na kwamba naomba radhi kwa mwanafunzi niliyemwandikia na kwa shule nzima.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Utakwenda nyumbani siku kumi. Utarudi na mjomba wako, mtatia sahihi mbele yangu, na mimi nitasahau. Mtihani wa mwisho umebakiza wiki tano. Wewe ndiye wa kwanza darasani. Sitaki kukupoteza kwa upuuzi."

"Na kama haukuwa mzaha?"

Mwalimu Mosinyi alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Sikusikia ulichosema," akasema. "Na wewe hukukisema."

Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na maneno mawili ya shule, yaliyochorwa kwa rangi ya buluu na waanzilishi wake, yakachorwa tena kila miaka mitano: KWELI KWANZA. Maneno hayohayo yalikuwa juu ya mlango wa bwalo, juu ya lango, na kwenye beji ya shaba iliyokuwa kifuani mwa Otsile, ambayo aliing'arisha kila Jumapili kwa majivu na kitambaa. Kwa miaka mitano aliyaamini maneno yale kuliko alivyoamini sala. Alikuwa kidato cha pili alipodanganya kwamba alikuwa kanisani, kumbe alikuwa mtoni, na mwalimu huyuhuyu alimwinamisha juu ya meza hiihii akampa fimbo nne. Baada ya fimbo ya nne alimwambia kwa upole: "Sikuchapi kwa kwenda mtoni. Mtoni hata mimi nilikwenda. Nakuchapa kwa uongo."

Otsile aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Alitoka bila kuufunga mlango kwa nguvu, kwa kuwa shule ilikuwa imemfundisha kutoufunga mlango kwa nguvu.

Aliyeandikiwa barua alikuwa Tumisang, wa bweni la pili, mtoto wa kijiji kimoja naye. Barua yenyewe haikuwa na kitu cha kumtia mtu aibu, isipokuwa ukweli wake. *Ukicheka kwenye mstari wa asubuhi, siku yangu nzima inanyooka.* Mwalimu wa bweni aliikuta ndani ya kitabu cha fizikia cha Tumisang. Tumisang alipoitwa na kuulizwa, alitazama viatu vyake akasema, "Sijui kwa nini ameniandikia. Mimi sina habari naye." Ndani ya mkebe wa bikari wa Otsile, chini ya rula, kulikuwa na barua nne za mwandiko wa Tumisang.

*

Habari ilifika Sekgwasa kabla yake. Mzee Phetogo, baba yake Tumisang, mwenye bucha pale kijijini, alikuwa amekwisha kwenda kwa kgosi, chifu wao, kushtaki kwamba nyumba yake imetukanwa. Alitaka kijana alazwe kwenye benchi la kgotla, baraza la kijiji, siku ya Jumamosi, achapwe mbele ya watu.

Baba yake Otsile alikuwa amefariki, na hata angekuwa hai, jambo kama lile lilikuwa la mjomba. Mjomba Ketlogetswe alifika jioni hiyo hiyo kutoka kwenye zizi la ng'ombe, na vumbi lake lote, akapewa ugali wa mtama na maziwa mgando, akala mpaka bakuli likaonyesha tako. Ndipo akamtazama mpwa wake.

"Nimesikia umeandika barua."

"Ndiyo, mjomba."

"Wenzako wakiandika barua humwandikia binti wa watu. Kisha sisi tunavaa makoti, tunakwenda kuposa, tunakula nyama. Wewe umemwandikia mtoto wa Phetogo. Tuseme ulikuwa unajizoeza mwandiko. Katika vijiji vyote hivi, hukuona mwingine? Phetogo, anayetupimia mifupa akaiita nyama?"

Mama yake Otsile alijifunika mdomo kwa ncha ya shali. Kicheko kilimponyoka kidogo, kisha akaanza kulia.

"Acha, dada," mjomba alisema. "Hakufa mtu. Nimekwisha lifikiria jambo hili. Otsile, nisikilize. Mtoto akishtakiwa kgotla, analazwa kwenye benchi. Mwanamume akishtakiwa, anaketi, anajibu, anatozwa. Na mtoto anakuwa mwanamume siku ambayo mjomba wake anamkabidhi kiti. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Jumamosi, kabla kesi haijaitwa, nitakukabidhi kiti cha babu yako. Phetogo atabaki na fimbo yake, aitumie kufukuzia nzi buchani. Wewe utaketi, utasema maneno ya ile karatasi ya mwalimu, kwamba ulikuwa mzaha. Tutawapa mbuzi. Jumatatu nakurudisha shule. Kuna gumu hapo?"

Kiti kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mjomba: kifupi, cha mti mzito mwekundu, kikalio chake kimesukwa kwa mikanda ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokaukia pale pale. Tangu utoto Otsile alikuwa akiambiwa asikiguse.

"Na ukianza kusema usiwe na haraka," mjomba aliendelea, akianza kujisikia vizuri kama ilivyokuwa kawaida yake alipofundisha. "Mtu aliye kitini hakatwi kauli. Hata kgosi hamkati, mpaka mwenyewe aseme nimemaliza. Babu yako alimwambia kgosi wa zamani kuwa ni mwizi wa malisho, akiwa kwenye kiti hikihiki, na kesho yake wakanywa maziwa pamoja. Neno la pale haliadhibiwi. Wala halifutwi. Ndiyo maana mtu hupewa kiti akiwa na akili."

"Na kama siwezi kusema kuwa ulikuwa mzaha?"

"Una mdomo?"

"Ninao."

"Basi unaweza."

*

Siku mbili kabla ya baraza Otsile alikuwa kisimani, akiwanywesha ng'ombe wa mjomba. Injini ya pampu ilinguruma, maji yakaingia kwenye birika refu la saruji, na ng'ombe wakasukumana mabega. Hapakuwa na mtu. Aliona ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi.

"Ulikuwa mzaha," aliwaambia ng'ombe.

Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya kiranja, ile aliyotumia kunyamazisha wavulana mia tatu kabla ya sala ya chakula.

"Ulikuwa mzaha wa kitoto. Hakuna neno hata moja lenye ukweli."

Fahali mwenye baka jeusi alinyanyua kichwa, maji yakimtiririka kidevuni, akamtazama, akainama tena.

Mara ya tatu hakuweza kumaliza. Alidhani atalia, lakini kilichopanda hakikuwa kilio. Alikumbuka kidato cha kwanza, alivyokuwa akizunguka uwanja mara ishirini kila alfajiri ili achoke, asiwe na nguvu ya kumtazama mtu. Alikumbuka Kwaresima nzima aliyofunga asinywe hata chai, akimwomba Mungu ambadilishe kabla ya Pasaka, na asubuhi ya Pasaka ilivyokuja akaamka vilevile. Miaka mitano alijichukia kwa bidii, kwa ratiba, kama anayesomea mtihani. Nani alimpangia somo hilo? Hakumwibia mtu. Hakumdanganya mtu, isipokuwa ile siku ya mtoni. Aliandika kwamba kicheko cha mtu fulani kinainyoosha siku yake, na kilikuwa kikiinyoosha kweli, na sasa watu waliomchapa kwa sababu ya uongo walikuwa wakimletea uongo uliopigwa chapa, na nafasi ya sahihi mbili.

Ile hasira, ambayo miaka yote ilikuwa imemwelekea yeye, iligeuka polepole kama fahali anayegeuka zizini, ikatazama nje.

Aliizima injini. Alikaa ukingoni mwa birika mpaka ng'ombe wa mwisho alipoondoka, akasema kwa sauti ya kawaida, bila ya kiranja, "Ni kweli. Kila neno." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likisemwa na mtu yeyote, na mtu huyo alikuwa yeye.

*

Jumamosi wanaume walikaa kwa nusu duara ndani ya ua wa magogo, kila mmoja juu ya kiti alichokuja nacho mwenyewe, kofia magotini. Wanawake walikaa chini, upande wa kushoto, vichwa na mabega yamefunikwa. Vijana walichuchumaa nyuma, na Otsile alipopita aliwasikia.

"Leo kiranja atapanga foleni mwenyewe."

"Mwambie avae suruali mbili."

"Avae na gauni juu."

Mzee Phetogo alikuwa mbele, shingo imefurika kwenye kola. Tumisang, aliyetolewa shuleni kwa ajili ya kesi, alikuwa nyuma yake, ameketi mchangani kwa vile hakuwa na kiti, magoti yamekumbatiwa. Hakuinua macho. Otsile alikuwa amevaa koti la shule, na katika mfuko wa ndani zilikuwamo zile barua nne. Tangu alfajiri alikuwa amejiambia kwamba akichokozwa atazisoma moja baada ya nyingine, na tarehe zake.

Kabla kgosi hajaita kesi, mjomba Ketlogetswe alisimama, amekibeba kiti kwa mikono miwili.

"Kgosi, nina mpwa. Amekua. Leo namkabidhi kiti cha babu yake."

Mzee Phetogo aliruka. "Kgosi, hiyo ni hila."

"Ni hila," kgosi alikubali. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho ya kusinzia ambayo hayakuwahi kusinzia. "Lakini kiti ni cha babu yake na mkono ni wa mjomba wake. Aketi."

Otsile aliketi. Ngozi ilikuwa baridi na ngumu, na miguu ya kiti ilikuwa mifupi, kwa hiyo magoti yake yalipanda juu. Mzee Phetogo alisema yake kwa urefu: nyumba yake, jina lake, wateja wanaomcheka kaunta, kijana aliyemchafua mwanawe. Alipomaliza, kgosi alimgeukia Otsile.

"Umesikia. Jibu."

Mjomba alimpa ishara ndogo ya kichwa, kama mtu anayemsogezea mtoto kijiko.

"Kgosi, na baba zangu, na mama zangu," Otsile alianza. "Nilipewa karatasi shuleni. Niliambiwa niseme kwamba barua niliyoandika ilikuwa mzaha. Haikuwa mzaha."

Mahali fulani upande wa wanawake mtoto alikohoa.

"Kila neno lililomo ni langu, na kila neno ni kweli. Mimi ni mvulana ninayependa wavulana. Sikuazima kwa mtu. Sikufundishwa bwenini, bwenini nilifundishwa kinyume, na nilijitahidi kujifunza, na sikuweza. Nilijua nikiwa na miaka kumi na miwili."

Mzee Phetogo alisimama. "Kgosi, mnamwacha huyu—"

"Hajamaliza," kgosi alisema.

"Kgosi, kuna watoto hapa."

"Ameketi kitini, Phetogo. Hajamaliza. Keti."

Otsile alimwona mjomba wake. Uso ule ulikuwa umekauka kama mkanda wa kiti, na vidole vilikuwa vimeishika kofia kana kwamba ingeruka. Angeweza kukomea pale. Hasira haikumruhusu.

"Nimekaa shule miaka mitano. Nilichapwa kwa uongo mara moja tu, na sikurudia. Mlikuwa mkija siku ya wazazi mkinipigia makofi nikipokea zawadi ya tabia njema, na wewe, baba Phetogo, ulikuwa safu ya mbele. Mlinitaka mkweli. Sasa ukweli umekuwa huu, na mnaniletea mbuzi na karatasi ili niutapike. Sitautapika. Kama kuna fimbo, ileteni, nitalala kwenye benchi nikiwa na kiti changu mkononi. Lakini msiniambie tena kwamba mnachapa uongo."

Mkono wake ulikuwa umekwisha ingia ndani ya koti. Vidole vilizigusa barua. Wakati huo Tumisang aliinua kichwa, akauona mkono ule, na alijua umegusa nini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama kisu. Otsile alimtazama kwa muda mrefu, na alimchukia kwa kila siku aliyokaa nyumbani, kisha akautoa mkono ukiwa mtupu.

"Kuhusu niliyemwandikia, atasema mwenyewe siku atakapopewa kiti chake. Mimi nimesema yangu. Nimemaliza."

Mtu akimaliza kusema pale, watu huitikia *pula*, mvua, kumtakia heri. Hakuna aliyeitikia.

Kgosi alimgeukia mshtaki.

"Phetogo," alisema, "umeshtaki kwamba umetukanwa. Nimesikiliza kwa makini. Nimesikia jambo nisilolipenda. Tusi sikulisikia. Mtatoa mbuzi mmoja, Ketlogetswe, kwa usumbufu wa nyumba ya mwenzio. Fimbo hapana. Ya shule ni ya shule. Na aliyosema kijana ameyasema hapa. Mtu asimfuate nayo njiani."

Nyuma ya ua wa magogo, watu walipokuwa wakitawanyika, Tumisang alimfikia akihema.

"Otsi. Nirudishie zile barua."

"Uliniandikia mimi. Ni zangu."

"Utawaonyesha?"

"Ningetaka, ningewaonyesha leo."

"Hujui baba yangu alivyo. Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza," Otsile alisema. "Mwalimu alipokuuliza, ungenyamaza tu. Hilo lingenitosha. Nenda, baba yako anakutafuta."

Mjomba alikuwa ametangulia. Otsile alimfuata na kiti begani, kwa sababu mwenye kiti hukibeba mwenyewe.

"Nilikupa kiti nikuokoe," mjomba alisema bila kugeuka, "ukakitumia kunivua nguo mbele ya watu."

"Uliniambia neno la pale haliadhibiwi."

"Nilikuambia ili usiogope. Sikukuambia ili usiogope kiasi hicho." Akatembea hatua kadhaa. "Hawakukuitikia. Ulisikia? Wazee arobaini, hakuna hata mmoja."

"Nilisikia."

Otsile alisubiri aambiwe akirudishe kiti. Walifika nyumbani, mjomba akapita mlango wa nyumba bila kuingia, akaenda kuchagua mbuzi.

*

Jumatatu mjomba Ketlogetswe aliketi katika ofisi ya mkuu wa shule, amevaa koti la maziko na harusi, kofia gotini. Mwalimu Mosinyi alimkaribisha kwa heshima zote, akaweka karatasi mpya mezani, kwani ile ya kwanza Otsile hakuirudisha, akaweka na kalamu juu yake.

Mjomba aliisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika chini, akairudia kutoka juu.

"Hii siwezi kuitia sahihi," akasema.

"Mzee, ni utaratibu tu."

"Mwalimu, nataka ujue kwamba sikubaliani na kijana huyu. Hata kidogo. Tangu Jumamosi chakula hakinipiti." Akaisogeza kalamu pembeni. "Lakini alisema akiwa kitini, mbele ya kgosi. Nikitia sahihi kwamba alikuwa anatania, nitakuwa nimesema kgotla yetu ni kilabu cha pombe na kiti cha baba yangu ni kigoda cha jikoni. Hilo hutanifanyisha."

"Otsile," mkuu wa shule alisema kwa sauti nyingine, "mwambie mjomba wako unachopoteza."

"Mwalimu, ulinichapa fimbo nne nikiwa kidato cha pili," Otsile alisema. "Ulisema hunichapi kwa kwenda mtoni."

Mwalimu Mosinyi alikumbuka. Ilionekana usoni, kwa muda mfupi sana, kisha akauficha uso kwenye rejista.

"Mtihani utafanya," alisema akiandika. "Siwezi kukunyima, umekwisha sajiliwa. Lakini ukiranja umekwisha, na bwenini hulali. Utalala chumba cha wagonjwa mpaka siku ya mwisho."

"Mimi si mgonjwa, mwalimu."

"Ndicho chumba kilichopo."

Otsile alifungua pini ya beji mwenyewe kabla hajaambiwa. Aliiweka juu ya ile karatasi, maneno mawili yakitazama juu, akaigeuza kwa kidole ili mwenye meza aweze kuyasoma vizuri.

Nje, mjomba alivaa kofia. Hakumshika mkono, hakumbariki.

"Kiti nimekitundika mahali pake," alisema. "Ukija likizo, utakishusha mwenyewe." Akaondoka kuelekea langoni, mgongo umenyooka, hasira yake yote ikiwa bado ndani ya koti.

Kengele ya chakula ililia. Otsile alichukua sahani yake ya bati, akaenda kusimama kwenye foleni ya bwalo, mwishoni kabisa, nyuma ya watoto wa kidato cha kwanza, mahali ambapo hakuwa amesimama kwa miaka miwili. Minong'ono ilikimbia mbele hadi mlangoni, ikarudi. Watu kumi mbele yake aliuona mgongo wa Tumisang, ambao haukugeuka. Mtoto aliyekuwa mbele yake, mwenye sare iliyomzidi mabega, alimkodolea macho.

"Kiranja, na wewe unapanga foleni?"

"Napanga," Otsile alisema. "Sogea."